Nani Anabeba Mzigo Tunapocheka? Wajibu wa Wenye Televisheni na Redio za Burudani



Jioni moja nilikuwa nyumbani kwa mzee wa kanisa, tukingojea chakula. Simu ikapita mkono kwa mkono. Ndani yake kulikuwa na video ya mume na mke waliokwenda kwenye kituo kimoja ili wasuluhishwe mbele ya kamera. Mtangazaji aliwauliza mambo ya chumbani, akampa yule mwanamke jina la utani, na watu waliokuwa studioni wakapiga makofi. Sisi pia tulicheka. Mimi mchungaji nilicheka.

Siku ya tatu mama mmoja wa parokia yetu alibisha mlango wa ofisi yangu. Yule mwanamke wa kwenye video alikuwa binti yake. Tangu siku ile hakwenda tena sokoni wala kwenye kwaya. Watoto wake waliitwa shuleni kwa jina lile la mtangazaji. Mama akaniuliza: "Mchungaji, walimpa pesa ya usafiri tu. Wao wamepata nini? Na mimi niende kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Makala hii ni jibu ambalo nimelitafuta tangu siku ile, kwa ajili yake na kwa ajili ya jamaa nyingine za makanisa yetu ambazo aibu yao inapita kila siku kwenye simu za watu.

Vipindi hivi ni nini?

Kuna aina ya televisheni ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Kifaransa, téléréalité, yaani televisheni ya maisha halisi. Haitumii waigizaji waliojifunza maneno ya kusema. Inachukua watu wa kawaida, inawaweka mahali pamoja au inawaita studioni, kisha inaonyesha wanavyopendana, wanavyogombana na wanavyolia.

Kipindi kilichoifanya aina hii ijulikane dunia nzima ni Big Brother, kilichoanza Uholanzi mwaka 1999. Watu walifungiwa ndani ya nyumba yenye kamera kila pembe, na watazamaji wakapiga kura ya nani atoke. Mwaka 2001 Ufaransa ilipata ndugu yake, Loft Story. Mwaka 2003 ikaja Big Brother Africa, na washiriki kutoka nchi 12 za bara letu. Leo hakuna haja ya nyumba wala ya kampuni kubwa. Kijana mwenye simu nzuri na megabaiti anaweza kufungua kituo chake kwenye intaneti, akaita watu wenye matatizo ya ndoa, ya urithi au ya ukoo, na jioni hiyohiyo maelfu wakatazama.

Neno "halisi" linahitaji uangalifu. Kamera inarekodi saa nyingi, lakini sisi tunaonyeshwa dakika chache. Mtu aliyekaa katikati ndiye anayechagua dakika hizo. Anaweza kuacha saa nzima ya upole wako, akabakiza sekunde ishirini ulizopandisha sauti. Machozi yalikuwa ya kweli, lakini hadithi iliyotengenezwa kwa machozi hayo ni ya yule aliyekata na kuunga.

Pesa inatoka wapi?

Swali la yule mama lilikuwa sahihi: wao wamepata nini? Filamu ya kawaida inahitaji mwandishi, waigizaji, nguo na siku nyingi za kazi. Ugomvi wa jirani hauhitaji gharama hiyo yote, maana anayeleta hadithi huileta bure. Kituo kinauza matangazo ya biashara kwa sababu watu wengi wanatazama, na mahali pengine kinachukua pesa ya kura zinazotumwa kwa simu. Kwenye intaneti, kila anayefungua video anaongeza pato la mwenye ukurasa.

Kwa hiyo mwenye kituo anapata faida zaidi kadiri ugomvi unavyokuwa mkali. Kipindi kinachomaliza kwa watu kuombana msamaha kwa utulivu kina watazamaji wachache kuliko kile kinachomaliza kwa mtu kutupiwa kiti. Simaanishi kwamba kila mtangazaji ni mtu mbaya. Ninasema kwamba kazi yenyewe ina mteremko, na asiyeweka breki atateleza tu.

Hata kura zenyewe zimewahi kuchezewa. Mwaka 2008, nchini Uingereza, kituo cha ITV kilitozwa faini ya zaidi ya pauni milioni tano na Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji huko. Watazamaji walikuwa wamelipia simu za kushiriki katika vipindi vya burudani, na simu nyingi hazikuhesabiwa kwa haki. Kijana wetu anayetumia yuniti zake za mwisho kumpigia kura mwimbaji ana haki ya kuuliza swali hilohilo.

Wengine walijifunza kwa machozi

Uingereza ilikuwa na kipindi kilichoitwa The Jeremy Kyle Show, kilichoanza mwaka 2005 kwenye ITV. Watu maskini na wenye ndoa zilizovunjika waliletwa jukwaani, wakapimwa kwa mashine ya kutambua uongo, wakakemewa mbele ya umati. Mwaka 2007, baada ya mtu kumpiga mwenzake kwa kichwa katika kipindi hicho, jaji mmoja wa Manchester alikilinganisha na mchezo wa zamani wa kuchokoza dubu kwa mbwa, ila hapa waliochokozwa ni wanadamu. Kipindi kiliendelea miaka mingine kumi na miwili. Mwezi Mei 2019 mshiriki mmoja alifariki siku chache baada ya kurekodiwa, na ITV ikakifunga. Uchunguzi wa kifo chake, uliomalizika mwaka 2024, haukupata kiungo cha wazi kati ya kipindi na kifo. Hata hivyo nchi ilikuwa imejiuliza maswali. Bunge lilifanya uchunguzi wake, na tangu Aprili 2021 kanuni za Ofcom zinawataka wenye vituo kuwalinda washiriki ambao wanaweza kuumizwa na kipindi.

Japani, msichana wa miaka 22, Hana Kimura, mcheza mieleka, alishiriki katika kipindi cha Terrace House cha Fuji Television. Aligombana na mwenzake kwa sababu ya nguo yake ya mieleka iliyoharibiwa katika kufuliwa. Jambo dogo la nyumbani, lakini lilipoonyeshwa watu wasiomjua walimwandikia matusi mengi kwenye intaneti. Mwezi Mei 2020 alijiua. Mwaka uliofuata, baraza linaloangalia maadili ya utangazaji huko lilisema kituo kilikuwa na kosa la kimaadili. Mwaka 2022 bunge la Japani liliongeza adhabu ya kumtukana mtu hadharani: zamani ilikuwa kifungo kisichofika siku 30, sasa inaweza kufika mwaka mmoja.

Ufaransa ilipitia njia ya mahakama ya kazi. Washiriki wa kipindi L'Île de la tentation walidai kwamba walikuwa wakifanya kazi, si kucheza. Tarehe 3 Juni 2009 mahakama ya juu, Cour de cassation, iliwapa haki: kulikuwa na mkataba wa kazi, kwa hiyo kulikuwa na mshahara na ulinzi wa mfanyakazi. Tukisoma hukumu hiyo kwa lugha yetu, inasema: anayekupa maisha yake uyauze, amekufanyia kazi, na mfanyakazi anastahili ujira wake.

Nchi hizi tatu zina serikali zenye nguvu na mahakama zinazofanya kazi, na bado zilichelewa. Hapa kwetu, mtu anayeaibishwa hana wakili na mara nyingi hajui hata jina la mwenye kituo. Kwa hiyo mzigo wa dhamiri ya mtangazaji ni mkubwa zaidi kwetu.

Kwetu burudani haijawahi kuwa jambo dogo

Ndugu mmoja aliniambia: "Mchungaji, acha watu wacheke, wana shida nyingi." Ninaelewa. Watu waliokimbia vita mara mbili, mara tatu, wana haki ya kucheka. Lakini sisi wa Maziwa Makuu tunajua vizuri kuliko wengine kwamba kicheko kinaweza kubeba sumu.

Redio RTLM ilianza kusikika Rwanda mwezi Julai 1993. Vijana waliipenda kwa muziki wake, hata muziki wa kwetu, Zaire ya wakati ule, na kwa watangazaji wake wenye mizaha. Ilizoeleka kwanza kama redio ya furaha. Sauti hizohizo ndizo zilizowachochea watu kuua mwaka 1994. Mwezi Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu waanzilishi wake wawili pamoja na mwenye gazeti moja. Katika rufaa mwaka 2007 baadhi ya mashtaka yalifutwa na adhabu zikapunguzwa, lakini hakuna mahakama iliyokubali kwamba mwenye redio hana la kujibu kwa yale yanayosemwa kwenye redio yake.

Kuna habari nyingine, na hii ni ya kwetu kabisa. Shirika la La Benevolencija lilitengeneza michezo ya redio ya kufundisha watu kuishi pamoja, Rwanda tangu mwaka 2004 na baadaye hapa mashariki mwa Kongo. Mtaalamu wa saikolojia, Elizabeth Levy Paluck, alichunguza matokeo. Rwanda aliona kwamba mchezo ulisaidia watu kubadili wanavyotendeana. Huku kwetu, sehemu nyingine zilisikia mchezo peke yake, na sehemu nyingine zilisikia mchezo pamoja na kipindi cha mazungumzo kilichowatia moyo wasikilizaji kujadiliana juu yake. Sote tungetazamia kwamba mazungumzo yataleta amani zaidi. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2010 yalikuwa kinyume. Waliosikia kipindi cha mazungumzo walizungumza zaidi, lakini walikuwa wagumu zaidi kwa makabila wasiyoyapenda, walikumbuka zaidi machungu yao, na hawakuwa tayari kama wengine kuwasaidia watu hao.

Tusilisome vibaya jambo hili. Halisemi kwamba tunyamaze. Linasema kwamba kufungua kidonda mbele ya watu wengi bila mtu anayejua kukiosha kunaweza kukiozesha. Kama hilo lilitokea kwa watu waliotaka amani kwa moyo wote, je, itakuwaje kwa yule anayetaka tu watazamaji?

Neno la Mungu linatuonyesha nini?

Katika Waamuzi 16, Wafilisti walimtoa Samsoni gerezani, macho yametobolewa, ili awachekeshe kwenye sherehe. Ukumbi ulijaa hadi juu ya dari. Biblia haifichi makosa ya Samsoni, na aibu yake kwa sehemu aliitafuta mwenyewe. Lakini hakuna msomaji wa Biblia anayesimama upande wa wale waliokuwa wakicheka. Mtu anaweza kuwa na kosa na bado kumgeuza mchezo kukawa dhambi.

Katika Yohana 8, watu wa dini walimleta mwanamke na kumsimamisha katikati. Kosa lake lilikuwa la kweli. Hata hivyo walimtumia ili wapate la kumshtaki Yesu, na yeye mwenyewe hakuwa na maana kwao. Tazama alichofanya Bwana. Aliinama, akaandika chini, na macho ya watu yakatoka kwa mwanamke yakaenda kwake. Aliwarudishia wao swali la dhambi. Umati ulipoondoka wote, hapo ndipo alipozungumza na mwanamke juu ya maisha yake. Aliukemea uovu, lakini hakuukemea jukwaani.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya kumsaidia mtu na kumwonyesha mtu. Kila mwanadamu ana sura ya Mungu (Mwanzo 1:27), hata anapolia, hata anapokosa. Sura hiyo si mali ya kituo.

Mwenye kituo anapaswa kufanya nini?

Nimezungumza na watangazaji wawili waamini wa mji wetu. Walinisaidia kuona kwamba kazi hii inaweza kufanywa vizuri. Haya ndiyo tuliyokubaliana:

1. Ruhusa ya kweli. Mtu aelezwe, kwa lugha yake, kipindi kitaonekana wapi na kitabaki muda gani. Video ya intaneti haifi kama sauti ya redio ya zamani. Mtu mwenye njaa, mlevi, au aliyetoka kupigwa leo hawezi kutoa ruhusa ya kweli leo.

2. Watoto wasiguswe. Mtoto asionyeshwe, asitajwe jina, na ugomvi wa wazazi usitangazwe kwa namna itakayomfuata shuleni.

3. Aliyebakwa au kupigwa asipelekwe studioni kusuluhishwa na aliyemtendea. Mahali pake ni hospitali, sheria na watu waliofundishwa kumsikiliza.

4. Kabila la mtu lisiwe kichekesho. Katika mkoa wetu, mzaha juu ya kabila unaosemwa asubuhi unaweza kufika barabarani jioni.

5. Baada ya kipindi, mtu asiachwe. Apigiwe simu baada ya siku, baada ya juma. Akiomba video iondolewe, iondolewe bila kumzungusha.

Nchi yetu pia ina sheria. Katiba ya 2006 iliweka Baraza Kuu la Utangazaji na Mawasiliano, CSAC, na sheria ya Januari 2011 ikalipanga. Kazi yake ni kulinda uhuru wa vyombo vya habari na pia kuangalia maadili yao. Mwaka 2023 zilitoka sheria mpya juu ya vyombo vya habari na juu ya mambo ya kidijitali. Mtu aliyeharibiwa jina anaweza kudai haki ya kujibu na anaweza kupeleka malalamiko. Wengi wetu hatujui hata kwamba mlango huo upo.

Na sisi Kanisa?

Ingekuwa rahisi kumaliza hapo, tukiwanyoshea wengine kidole. Lakini makanisa yetu nayo yana redio, yana kurasa, yana vijana wa kamera. Tumerekodi watu wakianguka wakati wa maombi ya kufunguliwa, nguo zao zimevurugika, tukasambaza. Tumemsimamisha mama mbele akaeleza aliyotendewa porini, kisha tukatuma video kwa marafiki wa ng'ambo ili waone "kazi ya huduma." Tumemtaja kijana aliyetubu wizi, na tarehe, na mtaa. Tuliuita ushuhuda. Je, yeye aliuitaje?

Marko anaeleza kwamba Yesu alimtenga kiziwi kando ya umati kabla ya kumponya (7:33), na kwamba alimshika kipofu mkono akamtoa nje ya kijiji (8:23). Katika nyumba ya Yairo aliwatoa waliokuwa wakipiga kelele, akabaki na wazazi na wanafunzi watatu (5:40). Bwana wetu hakuogopa hadharani, lakini alijua kwamba kuna uponyaji unaohitaji mlango kufungwa. Kanisa ambalo halifungi mlango huo halina kinywa cha kuikemea televisheni.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo matatu kwa parokia zetu. Kwanza, kila ushuhuda wenye jeraha usirekodiwe, au urekodiwe tu baada ya mtu kutafakari siku kadhaa na kukubali akiwa na ndugu yake. Pili, wazee na mama wachague watu wawili wa kuwasindikiza waamini wanaotaka kulalamika kwenye kituo au kwenye ofisi ya CSAC. Tatu, kila mmoja wetu akate mnyororo kwenye simu yake. Video ya aibu ya mtu ikifika kwako, iishie kwako. Mwenye kituo hupata watazamaji maelfu kwa sababu sisi tunambebea mzigo wake bure.

Mimi na mzee wa kanisa tulimsindikiza yule mama hadi kituoni. Mkurugenzi alitusikiliza. Alisema binti alikuja mwenyewe, hakulazimishwa, na hilo lilikuwa kweli. Tulimwuliza kama yeye angekubali ndoa ya dada yake itangazwe vile. Alikaa kimya kidogo, kisha akaagiza video iondolewe kwenye ukurasa wao. Lakini ilikuwa imeshaingia kwenye simu nyingi, na zile hakuna mkurugenzi anayeweza kuzifikia. Moja ya simu hizo ilikuwa ya nyumba niliyocheka ndani yake.

Niliungama hilo mbele ya yule mama. Binti yake hajarudi kwaya bado. Mama wa parokia wanamtembelea kila Alhamisi, wanapika pamoja, na hakuna anayechukua picha.

Maswali kwa vikundi vya mama, vya baba na vya vijana

1. Ni video gani ya mtu mwingine iliyo kwenye simu yako leo ambayo hungependa iwe ya dada yako au ya mtoto wako?
2. Soma Yohana 8:1-11. Kama tukio hilo lingetokea leo, nani angekuwa na kamera, na wewe ungekuwa umesimama wapi?
3. Redio au ukurasa wa kanisa letu una kanuni gani za kulinda wanaotoa ushuhuda? Kama hazipo, nani ataziandika, na lini?

Bwana atupe macho yanayoona na mikono inayofunika. Amina.